Vijana Mia Langoni Hawawashi Tanuru

Ukimwuliza mwajiri wa hapa Likasi, mji wa madini wa Katanga nchini Kongo, kwa nini haongezi mishahara, mara nyingi hatakujibu kwa hesabu. Atakunyoshea kidole langoni. Pale nje, tangu alfajiri, wamesimama vijana wenye vyeti vya shule za ufundi ndani ya mifuko ya plastiki, wanamngoja msimamizi atoke aite majina mawili matatu. "Huyu akikataa, yule atakubali," ndivyo wanavyosema mabosi.

Kauli hiyo nimeisikia miaka mingi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa karatasi za malipo. Nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni ndogo iliyopewa kandarasi ya kubeba madini na kutengeneza mitambo katika viwanda vya watu wengine. Leo nina karakana yangu ya kuchomelea vyuma katika komini ya Kikula. Tunatengeneza milango, mageti na vyuma vya madirisha. Zamani niliandika mshahara wa mtu kwa amri ya mwingine. Sasa mshahara wenyewe unatoka mfukoni mwangu. Nimeamini jambo moja na ninataka kulieleza vizuri: kulipa vizuri kunamfaidi mwajiri mwenyewe, ila faida hiyo ina masharti. Mji huu uliyajua masharti hayo mapema, ukayasahau, na ukaona matokeo.

Safu isiyokuwepo kwenye daftari

Karatasi yangu ya malipo ilikuwa na safu ya jina, safu ya siku alizofanya kazi mtu, safu ya makato ya serikali, na mwishoni kiasi cha kutia sahihi. Haikuwa na safu ya mtu aliyeondoka. Fundi akiacha kazi, jina lake lilifutwa na jina jipya likaandikwa, na kwa macho ya bosi hakuna kilichopotea.

Vilivyopotea viliandikwa kwenye madaftari mengine. Fundi mpya alipimwa afya, akapewa kofia ngumu na viatu vyenye chuma, akafundishwa sheria za usalama. Kisha aliwekwa chini ya fundi wa zamani, ambaye sasa alifanya nusu ya kazi yake kwa sababu alikuwa mwalimu. Dereva mpya aliunguza klachi kwenye barabara ya kwenda mji wa migodi wa Kolwezi. Msaidizi mpya alitumia elektrodi zisizofaa, na mshono ukafunguka baada ya siku chache. Gharama za vipuri zilipanda, mafuta yakapanda, na mteja mkubwa akakata malipo kwa sababu ya kuchelewa. Bosi aliona mishahara iko chini akafurahi. Aliona vipuri viko juu akakasirika. Hayo mawili hayakukutana kichwani mwake, kwa sababu yalikaa katika ofisi mbili tofauti.

Fundi mmoja aliponirudishia kofia yake aliniambia hivi: "Mama, kazi naipenda, lakini hii feza haifike mwisho wa mwezi." Alikuwa amepata nafasi Kolwezi. Alijua kasoro zote za mashine yetu ya kupakia mawe, ipi ni ya kweli na ipi ni kelele tu. Hakuna mahali ujuzi huo ulikuwa umeandikwa, kwa hiyo uliondoka naye.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Fundi analipwa dola 200 kwa mwezi. Tuseme kumpata wa kukaa mahali pake, kumpima, kumvisha, na kustahimili miezi yake ya kujifunza na kuharibu, kunagharimu dola 600. Kama nafasi hiyo inabadilisha mtu mara mbili kwa mwaka, hizo ni dola 1,200. Nyongeza ya dola 50 kila mwezi ni dola 600 kwa mwaka. Ikiwa nyongeza hiyo inamfanya fundi abaki, mwajiri ameongeza mshahara na bado ameokoa dola 600. Kila mwajiri ana tarakimu zake, na kwa wengine hesabu hii haitatoka hivyo. Lakini wengi hawajawahi kuifanya.

Dola tano za Ford

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, Michigan, wafanyakazi waliondoka kwa kasi ya asilimia 370. Maana yake, ili kuwa na watu wapatao 14,000 kazini, kampuni ilibidi iajiri zaidi ya 52,000 ndani ya mwaka mmoja. Kazi ya mstari ule mpya wa kuunganisha magari ilichosha na kuudhi, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi.

Tarehe 5 Januari 1914 Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa nane. Kabla ya hapo watu walipata kama dola 2.34 kwa siku ya saa tisa. Wenye viwanda wengine walimwona kichaa. Mwaka huohuo wanaoondoka walishuka hadi asilimia 54, na mwaka 1915 hadi 16. Kiwanda kilizalisha zaidi na kampuni iliendelea kupata faida. Langoni kwa Ford nako kulijaa maelfu ya watu wakitafuta kazi, lakini wingi huo haukumfanya ashushe malipo, kwa sababu alikuwa ameshapima thamani ya mtu anayebaki.

Baadaye wachumi walieleza kwa nini jambo hilo linawezekana. Mwaka 1957 Harvey Leibenstein alionyesha kwamba katika nchi maskini mshahara mdogo unarudi kwenye mwili: mtu asiyekula vizuri hana nguvu, na mwajiri anayebana sahani ya mfanyakazi anapunguza kazi anayoinunua. Mwaka 1982 George Akerlof aliandika kuhusu heshima: mtu anayeona ametendewa vizuri kuliko ilivyolazimu hurudisha bidii zaidi ya ilivyolazimu. Mwaka 1984 Carl Shapiro na Joseph Stiglitz wakaeleza upande wa hofu: kazi ikilipa kuliko za jirani, mtu hataki kuipoteza, kwa hiyo huhitaji kuweka msimamizi nyuma ya kila mgongo. Wazee wetu walilisema hili kwa ufupi: mkono mtupu haulambwi.

Kampuni iliyojifunza kwa vifo

Hatuhitaji kwenda Marekani, kwa sababu Likasi yenyewe ilijengwa juu ya somo hili. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na mwaka huohuo ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga ili kutafuta wafanyakazi. Watu walitolewa mbali: vijijini Katanga, Rodezia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, na baadaye Rwanda na Burundi. Walikuja kwa mikataba mifupi, bila wake zao, wakalala katika makambi ya msongamano. Wengi walikufa kwa nimonia, kuhara damu na, mwaka 1918, kwa ile homa kuu ya mafua. Wengi walitoroka. Aliyebaki hai mpaka akaijua kazi, mkataba wake uliisha akarudi kwao, na kampuni ikaanza tena na mtu asiyejua lolote.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia hiyo ilifika ukingoni. Migodi mikubwa ya Rodezia ya Kaskazini ilianza kufunguliwa, na watu wa huko wakawa na kazi karibu na nyumbani. Huku kwetu kampuni ilikuwa inajenga viwanda vinavyohitaji akili na uzoefu. Kiwanda cha Shituru, kinachotenganisha shaba kwa asidi na umeme, kilianza kazi mwaka 1929. Mtu wa kutunza matangi yale hatolewi kijijini Jumatatu akawa fundi Ijumaa.

Basi kampuni ikabadilisha mwendo. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu. Iliruhusu wake waje, kisha ikawahimiza. Ikajenga nyumba za familia, zahanati, shule, na kugawa mposho, yaani posho ya chakula, kwa mume, mke na watoto. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo, na maandishi yake hayafichi shabaha: kupata wafanyakazi wenye afya, wanaokaa, na ambao watoto wao watakuwa wafanyakazi wa kesho. Wakubwa wa kampuni walikuwa wameona kwamba mtu wa bei ndogo anayekufa au kutoroka amewagharimu kuliko mtu aliyelishwa akabaki.

Lazima niseme na upande wa pili. Fedha taslimu iliendelea kuwa kidogo. Sehemu kubwa ya "mshahara" ilikuwa unga, nyumba na dawa. Na aliyetoa nyumba alitaka kujua kinachofanyika ndani yake: nani amelala pale, mke ni wa halali au sivyo, watoto wanakwenda shule au hawaendi. Ford naye alifanya vivyo hivyo. Wakaguzi wake waliingia majumbani kabla mtu hajathibitishwa kupata zile dola tano. Waajiri hawa wawili, mmoja Michigan na mwingine Katanga, waligundua kwamba kumpa mtu zaidi kunalipa, kisha wakataka kummiliki.

Mwaka 1941 deni la fedha hiyo iliyobanwa lilidaiwa. Vita vya dunia vilikuwa vinakula shaba, saa za kazi ziliongezwa, na bei za vitu zilipanda huku mshahara umesimama. Mwezi wa Desemba wafanyakazi wa hapa, wakati huo mji ukiitwa Jadotville, waligoma pamoja na wenzao wa Elisabethville. Walitaka malipo yapande kutoka faranga 1.50 hadi 2. Hapa kwetu askari walifyatua risasi wakaua watu 15. Elisabethville, kwenye uwanja wa mpira ambako wagomaji waliitwa kwa mazungumzo, aliuawa kiongozi wao Léonard Mpoyi na makumi ya wenzake. Watu hawa walikuwa na mposho na paa juu ya vichwa vyao. Walichokosa ni fedha mkononi inayolingana na bei ya sokoni, na haki ya kuiomba bila kufa. Mwajiri anayesoma habari hii asidhani kwamba chakula cha mchana na sare mpya vinatosha badala ya mshahara.

Mwezi usiolipwa

Mwaka 1967 serikali ya Rais Mobutu ilitaifisha Union Minière, na baadaye kampuni hiyo ikapewa jina la Gécamines. Katika miaka ya 1980, wakati wa nguvu zake, ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 na ilitoa shaba karibu tani 470,000 kwa mwaka. Fedha ya zaire ilikuwa inayeyuka, lakini kila mwezi mposho wa unga ulifika nyumbani, hospitali ya Panda ilitibu, na shule ilifundisha. Watu walisema kazi ni baba, kazi ni mama.

Kuanguka kwake hakukuanza na mishahara. Watawala walichota mapato badala ya kununua vipuri. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 ikaja ile vurugu ya uporaji nchini, na mwaka 1992 na 1993 raia wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Stesheni ya Likasi ilijaa familia zilizolala nje zikingoja treni, na miongoni mwao walikuwa mafundi na wahandisi ambao kampuni ilikuwa imewafundisha kwa vizazi viwili. Mwaka 1993 shaba ilishuka chini ya tani 50,000.

Lakini baada ya pigo la kwanza, kutolipa kuliziba njia ya kurudi. Mishahara ilichelewa kwa miezi, kisha ikapita mwaka. Fundi asiyelipwa alifika asubuhi, akatia sahihi, akaenda shambani. Wenye ujuzi mkubwa walivuka kwenda Zambia na Afrika Kusini. Nyaya za shaba zilikatwa usiku zikauzwa. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wetu wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa kampuni, na jina la kitabu hicho linawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Hili ndilo sharti la kwanza ninalolitoa katika historia hiyo: tarehe. Mshahara mnono unaokuja miezi mitatu baadaye haumfungi mtu yeyote kazini. Anakopa kwa riba, anatafuta kibarua cha pili, na akili yake haipo kwenye mashine. Katika karakana yangu sijawahi kuwa na uwezo wa kulipa kama migodi mikubwa, lakini siku ya malipo ni siku ya malipo, hata kama mteja hajanilipa mimi.

Inapofaa na isipofaa

Narudi kwa bosi anayehesabu vijana walio nje. Ethiopia walijaribu njia yake. Katika bustani ya viwanda ya Hawassa, iliyokuwa ikishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani, mshahara wa kuanzia ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi, na serikali iliutangaza kwa wawekezaji kama kivutio. Wasichana wa kuajiriwa walikuwa wengi. Ndani ya mwaka wa kwanza viwanda vililazimika kubadilisha wafanyakazi karibu wote, na uzalishaji ukawa chini ya ulivyotarajiwa. Watafiti Christopher Blattman na Stefan Dercon waliofuatilia viwanda vitano vya Ethiopia waliona kwamba theluthi ya walioajiriwa waliacha ndani ya mwezi mmoja, na asilimia 77 ndani ya mwaka. Vijana wengi nje ya ukuta hawakumsaidia mwenye kiwanda, kwa sababu kila mmoja aliingia bila kujua kazi na akatoka kabla ya kuijua.

Sharti la pili ni vifaa. Umeme ukikatika, wachomeleaji wangu hukaa kwenye benchi, na hata ningewalipa mara mbili, geti halitajiunga lenyewe. Nyongeza huzaa matunda pale ambapo bidii ina kitu cha kushika: mashine nzima, umeme, elektrodi za kutosha, na msimamizi anayesikiliza. Anayeongeza mshahara na kuacha mitambo ibomoke atasema nadharia hii ni uongo, na kwake itakuwa kweli.

Sharti la tatu linagusa mji wetu kuliko yote: anayelipa na anayefaidika wawe mtu mmoja. Siku hizi kazi nyingi za migodini hupitia kampuni za kandarasi, kama ile niliyofanyia kazi. Mwaka 2017 ilitungwa sheria ya kuzihifadhi kandarasi hizo kwa makampuni ya Wakongo, na hilo ni jema. Lakini kandarasi mara nyingi humwendea mwenye bei ya chini, na bei ya chini hukatwa kwenye mshahara. Fundi akibaki miaka mitano, anayefaidika zaidi ni mwenye mgodi, ambaye mtambo wake hausimami. Anayelipa ni mkandarasi, ambaye mwakani huenda akanyang'anywa kazi na mwenzake wa bei ndogo zaidi. Katika hali hiyo mkandarasi mwema huadhibiwa kwa wema wake.

Mwaka 2021 shirika la haki la RAID la Uingereza na kituo cha msaada wa kisheria cha CAJJ cha Kolwezi walichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba. Walikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wako chini ya wakandarasi, na wakakadiria kwamba familia ya Kolwezi ilihitaji dola 402 kwa mwezi ili kuishi kwa heshima. Kima cha chini cha sheria kilikuwa faranga 7,075 kwa siku tangu mwaka 2018. Ni mwezi wa Mei 2025 tu serikali ilipokipandisha hadi 14,500, na kuweka 21,500 kuanzia Januari 2026. Ninaiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, kwa sababu inamfunga na yule mkandarasi mwingine. Kima kikiwa kimoja kwa wote, hakuna atakayeshinda zabuni kwa kuwanyima watu wake bukari, yaani ugali.

Katika karakana yangu kipimo ninachotumia ni rahisi. Kabla ya kutaja dola, nauliza mfuko wa unga wa mahindi ni bei gani wiki hii, kodi ya nyumba Kikula ni kiasi gani, karo ya watoto ni kiasi gani. Kisha naangalia kama mshahara wa fundi unavuka hapo. Tunalipa juu kidogo ya karakana za jirani. Kwa sababu hiyo mikono ya mafundi wangu haibadiliki. Wateja wanawajua kwa majina, na mama mmoja akirudi kutaka geti la pili huomba alitengeneze yuleyule. Vijana wapya wanafundishwa na mtu asiyeogopa kwamba mwanafunzi wake ataletwa kuchukua nafasi yake kwa nusu ya malipo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wenye migodi waandike katika kila kandarasi kiwango cha mshahara na tarehe ya malipo, na wavikague vyote viwili kama wanavyokagua uzito wa shaba kwenye lori. Na waajiri wadogo wenzangu, wenye duka la mikate, gereji au lori moja, wafungue safu mpya kwenye daftari: waliondoka nani, kwa nini, na kila kuondoka kuligharimu nini katika vipuri, muda na wateja. Atakayeijaza safu hiyo kwa uaminifu mwaka mzima ataona mwenyewe fedha yake ilikokuwa ikipotelea, na kiasi gani cha fedha hiyo kingetosha kumlipa vizuri yule aliyemwacha aondoke.